Urani ya Bahi: kabla hatujabishana bomu na umeme, tupimiwe kwanza maji ya visima

#1 Mwana wa Bahi

Wanajamvi, mbukwenyi.

Nimezaliwa Bahi, na huu ni mwaka wangu wa kumi na saba nafundisha fizikia sekondari hapa Dodoma mjini. Kila nikifika mada ya mionzi kidato cha nne, hakosi mwanafunzi wa kunyoosha mkono: "Mwalimu, ni kweli kule kwenu kuna urani ya kutengenezea bomu?" Mwaka huu aliyeuliza ni binti wa Ilindi, na aliuliza kwa sauti ya mtu anayeliogopa jibu. Nilimjibu dakika tano, kengele ikalia. Toka siku hiyo jibu lile linanisumbua kwa ufupi wake, ndiyo maana nimekaa kuandika uzi huu.

Urani ipo, hilo tusifichane. Milima ya mawe inayotuzunguka ni ya kale sana, na ndani ya mawe yake mna urani kidogo kidogo. Mvua ikinyesha, maji yanaiokota na kushuka nayo mbugani. Mbuga ya Bahi haina mlango wa kutokea: Mto Bubu unaingia, hautoki. Jua linakausha maji, na kila kilichokuwa ndani ya maji kinabaki hapohapo, chumvi, chokaa na urani pamoja. Hivyo hivyo kiangazi baada ya kiangazi kwa maelfu ya miaka. Ndiyo maana urani yetu haihitaji shimo refu kuifikia. Iko mita chache tu chini ya miguu ya ng'ombe, ndani ya udongo wa mfinyanzi na chokaa. Manyoni habari ni hiyo hiyo.

Nimeiona kwa macho yangu. Wakati ule kampuni za kigeni zinakuja kuchimba mashimo ya majaribio, mjomba wangu alipata kibarua cha kubeba sampuli. Siku moja akanionyesha bonge la udongo la ukubwa wa ngumi, jeupe kama ukuta uliopakwa chokaa, na ndani ya nyufa zake unga wa njano kali, utadhani mtu kapukutisha bizari. Njano hiyo ndiyo yenyewe. Alikuwa ameliweka dirishani, karibu na redio, kama pambo. Nilimwomba alirudishe shimoni na anawe mikono kwa sabuni. Alinawa, lakini akanitazama kwa mshangao: "Hili ndilo lililowaua Wajapani?"

Kwa sehemu siyo. Katika kila atomu elfu moja za urani inayotoka ardhini, saba tu ndizo za aina ya U-235, ile inayopasuka kirahisi. Nyingine zote ni U-238, ambazo hazifai kwa kazi hiyo. Kinu cha kawaida cha umeme kinataka U-235 ifike kama asilimia 3 hadi 5. Bomu linataka kama 90. Kutoka saba kwa elfu mpaka tisini kwa mia ndiko wanakoita kurutubisha, na hiyo ni kazi ya viwanda vikubwa na mataifa yenye fedha. Hakuna mtu wa kupika bomu uani kwake kwa tope la Bahi.

Kwa sehemu nyingine ndiyo, na hapa nataka Waafrika wenzangu mnisikilize. Sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya mwaka 1945 ilitoka Shinkolobwe, Katanga, hapa jirani kwetu Kongo, wakati huo koloni la Wabelgiji. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni ya migodi, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani elfu moja za mawe hayo mpaka New York, yakasubiri kwenye maghala. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na urani nyingi kuliko mgodi wowote uliojulikana wakati huo. Wakongo walioyachimba na kuyachambua kwa mikono hawakuambiwa jiwe linakwenda kufanya nini. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la Hiroshima lilibeba kilo kama 64 za urani. Iliyopasuka kweli haikufika hata kilo moja, na mpaka mwaka unaisha watu wanaokadiriwa kufikia 140,000 walikuwa wamekufa. Siku tatu baadaye ikafuata Nagasaki, kwa bomu la plutoniamu, kitu kinachotengenezwa kutokana na urani ndani ya kinu, watu wengine kama 74,000.

Kinachotokea ndani ni kitu kimoja, kwenye bomu na kwenye kinu. Nyutroni, chembe ndogo sana ya ndani ya atomu, inagonga kiini cha U-235, kiini kinapasuka, kinatoa joto na nyutroni nyingine mbili tatu. Kwenye kinu wanazizuia, kila mpasuko uzae mpasuko mmoja tu, kama mama anayesukumia kuni moja moja jikoni ili ugali uive. Kwenye bomu wanaziachia zote: moja inazaa mbili, mbili nne, nne nane, na kufumba na kufumbua mji umekwisha. Kinu hakiwezi kulipuka kama bomu la Hiroshima, kwa sababu urani yake haikurutubishwa kiasi hicho. Kinaweza kufanya mabaya mengine, nitayafikia.

Sasa faida, na hapa sisemi kwa kusoma vitabuni tu. Mwaka 2012 mama yangu alikutwa na saratani ya shingo ya kizazi. Tulimpeleka Ocean Road, Dar es Salaam. Wahudumu walimchora alama kwa kalamu chini ya kitovu, wakamwambia asizifute anapooga, maana mashine lazima ilenge palepale kila siku. Mashine yenyewe ilikuwa ya kobalti-60, madini yanayotengenezwa ndani ya kinu cha nyuklia. Siku tano kwa wiki, wiki tano. Analala mezani peke yake, mlango mzito unafungwa, dakika chache, anatoka. Alikuwa akiniambia hasikii chochote, si moto wala baridi, "kama kuombewa tu". Leo mama yuko Bahi, analima. Mtu akiniambia nyuklia ni ya shetani, namkumbuka mama na zile alama za kalamu.

Tena si hospitali peke yake. Pale Unguja mbung'o walikuwa wanaua ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana miaka nenda rudi. Wataalamu wakafuga mbung'o Tanga kwa mamilioni, wakawapiga madume mionzi ili wawe tasa, wakawa wanawamwaga kutoka kwenye ndege ndogo juu ya msitu. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Akikutana na dume tasa, uzao umeishia hapo. Toka 1994 mpaka 1997 waliachia zaidi ya madume milioni 8, na mwaka 1996 ndipo alipokamatwa mbung'o wa mwisho wa porini. Mpaka leo Unguja haina mbung'o.

Kwa hiyo ninaposema naogopa, siogopi sayansi. Ninachoogopa kwa Ugogo ni kitu kidogo kuliko bomu, nacho kiko karibu zaidi: kisima.

Mgodi wa urani hauishi siku unapofungwa. Ukishachukua urani kutoka kwenye udongo, sehemu kubwa ya mionzi, kama asilimia 85, inabaki kwenye mabaki, kwa sababu watoto wa urani, yaani vitu inavyozaa inapooza kidogo kidogo, kama rediamu, hawaondoki na wanunuzi. Wanabaki kwenye bwawa la topesumu, wanatoa gesi ya radoni, wanasubiri upepo na mvua. Mnaujua upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane.

Tazameni Arlit, kaskazini mwa Niger. Nchi kavu kama yetu, watu wafugaji kama sisi. Migodi ilianza mwaka 1971, urani ikaenda Ufaransa, nchi inayopata kama asilimia 70 ya umeme wake kwenye nyuklia. Mgodi mmojawapo ulifungwa Machi 2021, ukaacha tani milioni 20 za mabaki yenye mionzi juu ya ardhi. Na watu wa Niger walio wengi hadi leo wanakaa gizani.

Bahi si jangwa tupu. Kuna majaruba ya mpunga, kuna kambale msimu wa maji, kuna watu wanakwangua chumvi, na kila kijiji kinategemea kisima. Urani ikizidi kwenye maji huumiza figo kabla hata hujaanza kuhesabu saratani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 30 kwa lita. Hata bila mgodi wowote, sisi tunaoishi juu ya urani tuna haki ya kujua kisima chetu kiko upande gani wa namba hiyo.

Ombi langu ni moja. Kabla ya leseni yoyote kugeuka kuwa mgodi, kila kisima kipimwe, na majibu yabandikwe ofisi ya kijiji kwa Kiswahili, yenye namba, si maneno ya "hali ni nzuri". Namba ya kabla ya mgodi tusipokuwa nayo leo, siku maji yakiharibika tutaambiwa yalikuwa hivyo tangu enzi za mababu, na hatutakuwa na la kujibu.

Karibuni.

#2 Fundi wa Gridi

Mwalimu, heshima yako. Nimefanya kazi kwenye njia kuu za umeme zaidi ya miaka ishirini, niongezee upande wa umeme maana umeupitia juu juu.

Watu wanasema "tujenge kinu, mgao uishe". Tatizo la kwanza si mionzi, ni ukubwa. Vinu vinne vinavyojengwa El Dabaa, Misri, kila kimoja ni megawati 1,200. Sisi Bwawa la Nyerere lote ni megawati 2,115, lakini zimegawanywa kwenye mashine tisa za 235. Mashine moja ikizima ghafla, nyingine zinabeba. Sasa weka mashine moja ya 1,200 kwenye gridi yetu, halafu izime saa moja usiku watu wote wakiwa wamewasha taa. Nchi nzima inaanguka. Mafundi tuna kanuni kwamba mashine moja isizidi kama sehemu ya kumi ya gridi.

Vipo vinu vidogo. Warusi wana kimoja kinachoelea juu ya maji kule Pevek, megawati 35 mara mbili, kinafanya kazi tangu 2020. Lakini kidogo hakina maana ya rahisi, na taka zake ni taka zilezile.

Kuhusu maji ya kupoza, msidhani ukame unazuia kila kitu. Arizona, Marekani, kuna kituo cha Palo Verde katikati ya jangwa, kinapozwa kwa maji taka ya mjini yaliyosafishwa. Ila wenzetu wana maji taka ya mji mkubwa. Dodoma hata ya kunywa tunapokezana.

Mimi siipingi nyuklia. Nakumbuka miaka Mtera inakauka, ukipita darajani unaona visiki vya miti vimechomoza katikati ya bwawa, na kule mjini mashine za kusaga zimelala. Taifa linalotegemea mvua peke yake linajitesa. Ila kabla ya nyuklia kuna jua la Dodoma na upepo wa Singida, na hivyo havihitaji walinzi wa miaka elfu.

#3 Mzalendo Halisi

Mleta uzi umeandika vizuri ila umekwepa jambo kubwa. Dunia hii inaheshimu nguvu. Ukraine ilikuwa na vichwa vya nyuklia karibu 1,900 ilivyorithi kwa Wasovieti, ikavitoa kwa ahadi za karatasi za mwaka 1994. Ilichopata tumekiona 2014 na 2022, Urusi ilipoivamia. Gaddafi wa Libya aliachana na mpango wake 2003, mwaka 2011 akatolewa mtaroni na kuuawa. Korea Kaskazini imelipua bomu lake la kwanza 2006, nani ameigusa? Kama urani tunayo, kwa nini Afrika isiwe na bomu lake? Hata moja tu la kuwekea heshima.

#4 Mwana wa Bahi

Mkuu Mzalendo, hoja yako ina uzito na mifano yako ni ya kweli, siwezi kuifukia. Waukraine walidanganywa, na kila nchi ndogo iliona.

Lakini Afrika imeshakuwa na bomu. Afrika Kusini ya makaburu ilitengeneza sita, ikayavunja yenyewe, na tarehe 24 Machi 1993 Rais de Klerk akatangaza bungeni. Yale mabomu sita hayakuokoa utawala ule. Hakuna mtu wa Soweto aliyelala salama zaidi kwa sababu yake. Baadaye bara zima likakubaliana kwa Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo mwaka 1996 na kuanza kazi 2009, kwamba Afrika haitengenezi, haihifadhi, wala hairuhusu kujaribiwa silaha hizi kwenye ardhi yake. Jina lenyewe Pelindaba ni la kituo cha Afrika Kusini cha utafiti wa nyuklia. Na tulikuwa na sababu ya kuliweka hilo la majaribio. Ufaransa ililipua mabomu 17 jangwani Algeria kuanzia 13 Februari 1960 mpaka 1966. Nigeria ilikasirika kiasi cha kumfukuza balozi wa Ufaransa Januari 1961. Wakati huo Nigeria ina miezi mitatu tu ya uhuru!

Halafu unasema moja tu la kuweka. Kuweka ndiyo shida yenyewe. Tarehe 17 Januari 1966 ndege ya kivita ya Marekani iligongana na ndege ya mafuta juu ya kijiji cha Palomares, Hispania. Hapakuwa na vita. Mabomu manne ya haidrojeni yakadondoka, moja baharini, matatu nchi kavu. Mawili yakapasuka yakamwaga plutoniamu kwenye mashamba ya nyanya. Hayakulipuka kinyuklia, na hiyo ndiyo bahati waliyopata. Wamarekani walikwangua udongo wa mashamba wakaujaza kwenye mapipa zaidi ya 4,000, wakausafirisha kwa meli mpaka kwao. Wakulima wa kijiji kile hawakuwa na ugomvi na mtu yeyote duniani. Hilo bomu lako la heshima, kijiji gani cha Tanzania kilipokee?

#5 Kijana wa Manyoni

Mwalimu shikamoo. Mimi nitakupinga kwa heshima.

Wewe una mshahara. Sisi huku tuna mtama usipopata mvua hakuna kitu. Miaka ile ya utafiti kampuni moja ilikuja kijijini kwetu, ikaweka vigingi mashambani, tukaambiwa tusiendeleze maeneo yale mpaka tathmini ipite. Baba yangu aliacha kujenga nyumba, matofali yameshachomwa. Bei ya urani ikashuka duniani, wakaondoka kimya kimya. Matofali yale mvua imeyala. Hatukupata mgodi, hatukupata fidia, hatukupata nyumba.

Sasa nasikia Namtumbo mwaka 2025 Rais kazindua mtambo wa majaribio wa kuchakata urani. Wenzetu wa Ruvuma watapata barabara, kazi, ushuru. Sisi tukae tukipima maji? Vipimo ni vizuri, lakini naomba na ajira ziandikwe kwenye hayo madai yako. Umaskini nao unaua figo.

#6 Mwana wa Bahi

Marahaba mwanangu. Umenigusa na hayo matofali.

Nakubali. Sikuandika habari ya watu kusimamishwa maisha kwa ajili ya vigingi, na nilipaswa kuandika. Naliongeza: mtu akizuiwa kuendeleza shamba lake, kuwe na tarehe ya mwisho iliyoandikwa, na ikipita bila mgodi alipwe muda wake. Hilo halihitaji hata mionzi kulielewa.

Kuhusu ajira sibishani nawe. Mimi sikusema mgodi usije kamwe. Namibia wanachimba Rössing tangu 1976, nchi ipo na inapata fedha. Ninachosema ni kwamba mgodi wa juu juu wa kwenye mbuga unachimba palepale mpunga unapolimwa. Namtumbo ilibidi hata mpaka wa Pori la Akiba la Selous usogezwe mwaka 2012 ili mradi upate nafasi. Pale waliokuwa wanahamishwa ni tembo. Bahi ni watu. Kazi za mgodi zikiisha baada ya miaka kumi na tano, na mbuga haiwezi tena kuota mpunga, watoto wako wataajiriwa na nani? Nauliza swali la kweli, si la kukunyamazisha.

#7 Chakavu Majengo

Mimi nanunua vyuma chakavu hapa Majengo. Nimesoma nimepata wasiwasi. Chuma kikiwa na mionzi nitakijuaje? Watu wanatuletea vitu vya kila aina, mpaka mashine za hospitali zilizokufa.

#8 Mwana wa Bahi

Ndugu, swali lako ni la maana kuliko mengi humu, na kwako jambo hili liko karibu kuliko ajali ya kinu cha Chernobyl kule Ukraine.

Septemba 1987, Goiânia, Brazil. Waokota chakavu wawili waliingia kwenye jengo la kliniki ya mionzi iliyohama na kuiacha mashine yake. Wakabeba kichwa cha mashine, wakakipasua nyumbani, wakamuuzia mnunuzi wa vyuma kama wewe. Usiku aliona ndani yake unga unaotoa mwanga wa buluu. Akaona ni kitu cha thamani, akaita ndugu na majirani, akawagawia. Ilikuwa ni sesiamu-137. Mtoto wa miaka sita aliuchezea, kisha akala kwa mikono ileile. Walikufa wanne, pamoja naye na mke wa yule mnunuzi. Mke huyo ndiye aliyeshtuka kwamba watu wote wanaougua wamekigusa kile kitu, akakiweka kwenye mfuko na kukipeleka kwa wataalamu kwa basi. Zaidi ya watu 112,000 wakapangishwa foleni uwanja wa mpira kupimwa.

Kwa hiyo shika haya. Alama ya mionzi ni duara dogo lenye mabawa matatu, mara nyingi nyeusi juu ya njano. Ukiiona, usipasue. Kitu kidogo lakini kizito kupita kiasi, kama kopo lililojaa risasi, usipasue. Mashine yoyote ya hospitali, usipasue mpaka upate karatasi. Kiache kilipo, watu wakae mbali, toa taarifa polisi na Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, ndiyo yenye kazi hiyo kisheria tangu 2003. Waambie na wenzako wa gengeni.

#9 Mama Majaruba

Mwalimu mimi ni mkulima wa mpunga Bahi. Mwanangu kanisomea uzi wote. Ninachoogopa ni huu uzi wenyewe. Wateja wa mjini wakisoma wataacha mchele wetu. Sema wazi, mchele wa Bahi una sumu au hauna?

#10 Mwana wa Bahi

Mama yangu, shikamoo. Mchele wa Bahi ndio unaopikwa nyumbani kwangu, na watoto wangu wanaula leo usiku. Urani ikiwa kwenye udongo, mmea huizuia zaidi kwenye mizizi, punje hupata kidogo sana. Kwa hiyo sioni sababu ya mtu yeyote kuacha kununua mchele wenu, na atakayetumia maneno yangu kuwashushia bei amenisingizia.

Ila mama, woga wako ndio unaonifanya niombe vipimo. Pale Chernobyl, kinu kilipolipuka usiku wa 26 Aprili 1986, watu karibu 50,000 wa mji wa Pripyat walikaa mpaka kesho yake mchana ndipo wakahamishwa. Watoto walichezea nje. Katika maeneo mengine maziwa yaliendelea kunywewa yakiwa na iodini yenye mionzi, na maelfu ya watoto walikuja kupata saratani ya tezi ya shingo. Ile iodini inaisha nguvu nusu kila siku nane. Wangeambiwa waache maziwa kwa wiki chache, wengi wangepona. Fukushima, Japani, ambako mwaka 2011 wimbi la tsunami liliingia kwenye kinu, nako hesabu za ndani za kampuni yenye kinu, za 2008, zilishaonyesha wimbi linaweza kuzidi mita 15, na majenereta ya dharura yakabaki chini, palepale maji yalipoingia. Kila mahali kuna mtu aliyekuwa na namba akakaa nayo.

Namba ya mchele wenu ikibandikwa ukutani, itawatetea kuliko maneno yangu.

#11 Fundi Visima

Nachimba visima mkoa huu na Singida. Mwalimu kwenye daftari zangu nina visima zaidi ya arobaini vya upande wa Bahi na Manyoni, kina cha kila kimoja, aina ya udongo kila mita tatu, na maji yalipopatikana. Nikikuta ile chokaa nyeupe huwa naandika "chokaa" basi. Sikujua ina maana hii. Vipo visima kama sita ambavyo maji yametoka ndani ya hiyo chokaa yenyewe. Viwili ni vya shule.

Daftari nakupa. Tuanzie wapi?

#12 Mwana wa Bahi

Fundi, Mungu akubariki. Tuanzie na hivyo viwili vya shule.

Nimeshazungumza na vijana wangu wawili wa zamani walioko Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Wanachohitaji ni hiki: chupa ya plastiki ya lita moja, mpya, isiyowahi kuwekwa juisi wala mafuta. Piga pampu dakika tano kwanza ili maji yaliyolala kwenye bomba yatoke. Suuza chupa mara tatu kwa maji ya kisima hichohicho. Jaza mpaka juu, funga. Andika kwa kalamu isiyofutika: kijiji, jina la kisima, kina, tarehe, saa. Usipeleke maji ya kwenye pipa la mtu, ni ya bombani tu. Chupa mbili kila kisima, moja ya maabara, moja ibaki kwa mwenyekiti wa kijiji.

Gharama ya kipimo cha visima vya mwanzo nitaibeba mimi na walimu wenzangu wanne. Wizara ya Maji, TAEC na GST, taasisi ya jiolojia hapa Dodoma, nimewaandikia barua kuomba wachukue vingine, nakala iko kwa mtendaji.

Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa stendi ya Bahi na katoni ya chupa. Mama Majaruba, naomba kisima cha kwenye kitongoji chako kiwemo. Kijana wa Manyoni, kama unaweza kupanda gari la asubuhi, njoo, nafasi ya kuandika lebo ipo na nauli nitarudisha.